Nafasi ya Aliye Nyuma

Kabla hujamwona, ulisikia ufagio. Tulikuwa tunakuja kwa miguu, tumechoka, wengine wameshaanza kununiana, jua limeelekea milimani, na mbele yetu kwenye kona ya njia ya ziwa tunasikia shwa, shwa, shwa. Hapo mama yangu alianza kulegeza kamba ya mzigo hata kabla hatujafika. Alijua kwamba pa kulala pamepatikana.

Tulimwita Mama wa Mbele. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la kwao pia, lakini ukoo wake waulizwe wenye ukoo. Mimi nilimjua njiani tu, na njiani mtu huitwa kwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kutangulia.

Miaka ile ya hamsini, kila kiangazi, kabla ya sikukuu ya Mama Maria ya mwezi wa nane, kundi la Wakristo lilishuka kutoka Fizi mpaka Baraka, halafu likashika njia ya kando ya ziwa kuelekea kaskazini, kwenye kanisa la misheni upande wa Uvira. Siku sita, ukiwa na wazee siku nane. Boti zilikuwepo, na mara mojamoja lori la mfanyabiashara lilipita likatufunika vumbi, lakini nadhiri ni ya miguu. Kutembea hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kulala. Katika vijiji vikubwa palikuwa na jiti, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wazungu wapitao, ina baraza na kitanda, nayo ilikaa tupu mwezi mzima ikifagiliwa na wanakijiji kwa zamu. Sisi hatukuruhusiwa hata kuegemea ukuta wake. Basi ilibidi mtu mmoja aondoke alfajiri, atutangulie nusu siku, abishe hodi kwa watu asiowajua na kuwashawishi wapokee watu kumi na kitu wenye miguu iliyovimba.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa ya chini mpaka unalazimika kumsogelea. Hakuomba pa kulala hata siku moja. Alisema ukimwomba mtu pa kulala anaanza kufikiri: mikeka, chakula, mke wangu atasema nini. Yeye alisalimia, akakaa akiambiwa akae, akanywa maji, kisha akasema kwa ile sauti yake: "Munipatie fagio." Nani atamnyima mgeni ufagio? Akaanza kwenye mlango wa jiko akafagia mpaka njiani, polepole, hana haraka, na vumbi lote akalikusanya chini ya mgomba. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama wa Mbele hakuingoja siku ya tatu. Mtu ukishampa ufagio wa nyumba yako, umeshamfanya wa nyumbani, na wa nyumbani hafukuzwi jioni.

Ndiyo maana alihitaji kufika mapema. Jua likishazama hakuna anayekubali uwanja wake ufagiliwe; usiku unafagia na riziki. Siku moja karibu na Lweba alichelewa kwa sababu ya mto uliojaa matope, akafika jua linagusa mlima. Mwenye nyumba alituambia baadaye kwamba alimwona mwanamke anakuja mbio, kitambaa kimemtoka kichwani, anaomba ufagio kama mtu anayeomba maji ya kuzima moto.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Rozari alilala kwenye fumbo la tatu, kila siku, hata tukimkanyaga mguu. Chumvi aliifunga kwenye ncha ya kitenge mafundo matatu, na ukimwomba alifungua fundo moja, akaangalia, akafunga. Alivuta ugoro na kudai ni dawa ya meno, ingawa meno yenyewe yalikuwa yamebaki ya kuhesabika. Aliogopa ziwa. Tulitembea ukingoni mwake siku tano naye hakuoga humo hata mara moja. Alichota maji kwa kibuyu akajimwagia mbali, nyuma ya matete. Na ukimuuliza njia imebaki kiasi gani, alijibu kwamba iko karibu tu. Lusenda iko karibu tu. Nundu iko karibu tu. Mboko, Makobola, zote karibu tu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwamini mpaka kucha za miguu zikaanza kung'oka.

Kuhusu dini alikuwa na mawazo yake, na padri asingeyapenda yote. Penye nyumba ya Waislamu wa ziwani alikwenda hapo kwanza, akiwaruka Wakatoliki. Alisema wale nao wana safari yao ya kwenda mbali kusali, kwa hiyo wanajua miguu ni nini. Nyumba moja pale Baraka walikuwa wakituwekea samaki wa mikebuka wa kukaanga kwa mawese, na mama mwenye nyumba alikuwa akimwuliza yeye tu: bado hajafika? Mimi nilidhani wanaulizana habari za mtu wa kundi letu.

Kwa Waprotestanti ilikuwa ngumu zaidi. Palikuwa na mzee mmoja wa kanisa lao, mtu mwema, lakini aliapa kwamba watu wanaokwenda kumpigia magoti sanamu hawatalala kwake. Mama wa Mbele hakubishana. Alifagia. Alipomaliza alimrudishia ufagio kwa mikono miwili na kusema, "Muguu haina dini, baba." Mzee akacheka mwenyewe. Tulilala kwake miaka mitatu, naye kila mwaka alitusomea zaburi ndefu kabla ya kutupa ugali na mboga ya sombe, ili tujue tumelala kwa nani.

Namkumbuka sana akiwa nyuma ya moshi wa jiko la watu, anageuza ugali wa watu, anawagombeza watoto wa watu. Nyumba yoyote ilimkubali ndani ya nusu saa. Lakini hakukaa ndani. Chakula kikiwa tayari alichukua chake akaenda kukaa mahali panapoonekana njia, ameelekeza uso kule tulikotoka. Sisi wote tumeshafika, tumevua viatu, tunapakaa mafuta miguuni, na yeye bado anatazama njia. Nilidhani ni tabia ya kazi, kama mlinzi ambaye zamu yake imeisha na macho hayajui.

Sasa nifike kwenye hesabu, kwani ndiyo inayoniuma.

Baada ya kufagia, mwenye nyumba aliuliza swali ambalo kila mwenye nyumba huuliza: muko bangapi? Na Mama wa Mbele alijibu namba iliyozidi mmoja. Tukiwa tisa, alisema kumi. Tukiwa kumi na wanne, alisema kumi na watano. Mikeka ikatandikwa kwa hesabu hiyo, na mmoja ukabaki mtupu mpaka asubuhi, karibu na mlango. Hakuruhusu mtu aulalie, hata tukibanana. Wengine katika kundi walisema ni nafasi ya malaika. Fundi mmoja wa matofali alisema ni ujanja wa kupata chakula cha ziada. Mimi nilisema mama mzee hajui kuhesabu.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza shule ya wasichana kwa masista, najua kuandika Kifaransa cha barua na hesabu mpaka kugawanya, na kundi zima lilinitania kwa kuniita mamzele, bibie wa Kifaransa. Nami nilipenda utani huo kupita kiasi. Karatasi ya njia nilibeba mimi, kwa sababu nilijua kuisoma. Siku zile hutoki Fizi ukaingia Uvira bila karatasi ya ofisi yenye majina ya wote wanaotembea, na katika kila kijiji kapita, msimamizi wa serikali, alikuwa na haki ya kuiangalia.

Mwaka ule, wangu wa tatu, tulikuwa kumi na mmoja. Katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja palikuwa na kapita mpya, kijana, kofia yake bado ngumu. Tulipofika, Mama wa Mbele alikuwa ameshafagia, mikeka imeshatandikwa kwenye nyumba ya mjane mmoja, sufuria iko motoni. Kapita alikuja akasimama uwanjani, akamwuliza mama hesabu ya wageni.

"Tuko kumi na babili," akajibu. "Moja iko nyuma, anakuya."

Ningeweza kunyamaza. Mama yangu alikuwa kando yangu na alinishika mkono, nadhani alikuwa ameona uso wangu. Lakini nilikuwa nimeshakunjua karatasi. Nikasoma majina yote kwa sauti ya darasani, mpaka la mwisho, nikamwambia kapita kwamba ni kumi na moja, na mama huyu, samahani, anakosea kuhesabu kila siku.

Kapita hakucheka. Aliichukua karatasi, akahesabu watu kwa kidole, akahesabu mikeka. Kisha akamgeukia Mama wa Mbele. "Ule wa kumi na babili munamuficha wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, au nilielewa nusu yake. Mtu asiye kwenye karatasi ni mtu aliyekimbia kazi, au kodi, au gereza. Mama wa Mbele angeweza kusema nimekosea, mimi ni mzee, na mambo yangekwisha. Alisema tena kwamba mtu yupo, yuko nyuma, anakuja. Kapita akaogopa, mjane naye akaogopa zaidi, akaanza kukunja mikeka huku anatuomba radhi. Tulitolewa kijijini jua likiwa limezama. Tulilala kwenye mawe ya ukingoni, upepo wa kiangazi ukivuma kutoka ziwani, ugali wetu umebaki kwa mjane. Hakuna aliyenigombeza. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

Kesho yake njiani mama yangu aliniweka nyuma ya wengine, akanieleza. Zamani, kabla sijajua kutembea, Mama wa Mbele alipita njia hii hii na mume wake. Walikuwa wawili tu, wamebeba nadhiri yao ya kuomba mtoto. Siku ya tatu mume aliumia kidole kwenye jiwe. Akamwambia mke wake aende mbele atafute pa kulala kabla ya jua kuzama, yeye atakuja polepole. Maneno yenyewe watu wa Fizi waliyajua, kwa maana aliyarudia kwa kila mtu: "We tangulia. Mi nakuya nyuma." Akatangulia. Akapata nyumba, akaomba ufagio ili asikae bure, akasema tuko wawili, akatandika mikeka miwili, akakaa akiangalia njia. Hakuja. Wako wanaosema alichukuliwa na watu wa kuandikisha wafanyakazi. Wako wanaosema mamba, na wako wanaosema mwanamke wa upande wa pili wa ziwa. Kila mtu ana lake. Yeye hana ila lile aliloambiwa.

Padri aliyepita alitaka kumsomea mume yule misa ya wafu. Akamwambia kwa upole, kama tunavyosema sote, mume wako ametangulia, mama. Akajibu mbele ya watu wote kanisani, na mama yangu alikuwepo: "Yeye hakutangulia. Ni mi nilitangulia. Yeye iko nyuma."

Tangu siku hiyo watu wa kundi walikuwa waangalifu na neno hilo. Aliyekufa kwa wengine wote ametangulia. Mbele ya Mama wa Mbele tulisema amefariki, amepumzika, ameitwa, tukazunguka kote. Nami kwa miaka mitatu nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyozunguka, nikadhani ni adabu za kizee.

Mama yangu alimaliza kwa kusema, "Hesabu yenu ya masomo haingoje muntu wa kuchelewa." Halafu akaniacha, akawahi wengine.

Nilitaka kuomba msamaha. Nilitafuta maneno toka asubuhi mpaka saa tisa. Tulipofika kijiji kilichofuata, tulisikia ufagio, nikapata moyo. Mama wa nyumba ile alikuwa anamjua wa miaka mingi. Alitoka na mikeka kwapani akiuliza muko bangapi, na nadhani aliuliza kwa desturi tu, maana jibu alilijua.

Mama wa Mbele aliniangalia mimi. Hakuniangalia kwa hasira, ningependa iwe hasira. Aliniangalia kama mtu anayemwuliza mwalimu kama amepatia.

"Tuko kumi na moja," akasema.

Mikeka kumi na mmoja ikatandikwa. Karibu na mlango hapakuwa na kitu, sakafu tu. Mama yangu alitoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mama wa Mbele alikula ndani pamoja nasi, mgongo wake umeelekea njia, akasinzia kwenye fumbo la tatu kama kawaida. Nilikuwa nimemtoa mtu nyumbani, mtu ambaye alikuwa amewekewa nafasi kila usiku wa safari kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Sikuomba msamaha siku ile, wala zilizofuata. Niliona aibu, na aibu ikikaa sana inageuka kuwa kiburi.

Mwaka uliofuata niliolewa. Nilisema mimba, nikasema mtoto mchanga, nikasema shule nimepata darasa la kufundisha. Sikwenda tena. Mama yangu aliendelea kwenda, na kila akirudi nilimwuliza habari za fulani na fulani, na mwishoni, kana kwamba nimekumbuka tu, nilimwuliza kama Mama wa Mbele ameongeza. Mama alitikisa kichwa. Hajaongeza. Anafagia vizuri, anasema namba ya karatasi, anaingia ndani.

Kisha miguu ya Mama wa Mbele ikavimba, akaacha kutembea. Alipewa kijumba kando ya njia, mahali ambapo barabara ya kutoka Fizi inashuka na kuingia Baraka, na wenye nadhiri wakaanza kulala kwake usiku wa kwanza. Wakati ule ule mama yangu aliugua. Alikuwa amebakiza safari moja kutimiza nadhiri yake ya miaka saba. Alikufa mwezi wa sita, kiangazi kinaanza, akiwa ameshafunga mzigo wake wa njia: sufuria ndogo, blanketi, rozari, mafuta ya miguu ndani ya chupa ya dawa. Niliukuta chini ya kitanda.

Sikujua mtu anaweza kumkumbuka mtu kiasi kile. Nilimkumbuka mpaka kwenye vidole. Nilipika nikapakua sahani yake, nikairudisha. Mwezi wa nane ulipokaribia, nilimwachia dada wa mume wangu watoto, nikabeba mzigo ule kama ulivyokuwa umefungwa, nikashuka peke yangu siku mbili kabla ya kundi.

Nilifika kwake alasiri. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amenyoosha miguu, ufagio wa njiti za mchikichi umelazwa kando yake. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alinielekezea sikio kwanza. Nilisalimia. Alinipa maji. Sijui kama alikuwa amepata habari ya msiba, na sijui kama alinijua kwa sauti, maana hakusema jina langu wala hakuniita mamzele. Swali lake lilikuwa lile ambalo alikuwa ameulizwa yeye maisha yake yote.

"Muko bangapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema niko peke yangu, mama yangu ametangulia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikaliona lilivyo, na nikaona ninataka kumwambia nani.

"Tuko babili," nikasema.

Mkono wake ulitafuta ufagio ukaushika, kama mtu anayehakikisha kitu kipo. "Ule mwingine iko wapi?"

"Iko nyuma. Ni mama yangu. Anakuya."

Alikaa muda mrefu uso wake umeelekea barabara ya Fizi, ingawa hakuweza kuona hata mti ulio karibu. Mimi nililia bila sauti, na nafikiri alisikia. "Mama yako anatembea polepole," akasema mwishoni. "Alikuwa vile tangu zamani. Mulango tusifunge."

Akainuka kwa shida, akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na mikeka miwili akanipa. Nilitandika mmoja wangu, na mmoja karibu na mlango, nikaweka juu yake mzigo wa mama. Yeye alikuwa amesimama katikati ya chumba, anasikiliza mikono yangu inavyofanya kazi. Kisha akarudi kule ndani tena. Nilisikia anahamisha vitu, sufuria ikaanguka. Akatoka na mkeka mwingine, umekunjwa miaka mingi, umeshika umbo la kukunjwa, akauweka kando ya wa mama yangu, akaukandamiza kwa magoti mpaka ukakubali kulala sawa.

Jua lilikuwa bado halijagusa mlima. Nikamwambia, "Munipatie fagio." Akanipa kwa mikono miwili. Nikaanza kwenye mlango wa jiko nikafagia mpaka njiani.